Jamu ya Bibi na Damu ya Salma

Sisi tuliolelewa Mesquite, Texas, miaka ya tisini tulilishwa jamu kwa kijiko, tumepanga mstari mbele ya friji kama watu wanaosubiri kuchanjwa. Haikuwa ya kupaka mkate. Mkate ulikuja baadaye, ukishamaliza dawa. Ulifumba macho, ukasema Bismillahi, ukafungua mdomo, na Bibi akakutumbukizia kijiko kizima cha kitu cheusi, kizito, chenye kokwa ndogo zilizonasa kwenye magego mpaka kipindi cha hesabu. Ukitema, unaanza upya. Leo mtoto wa miaka minane anaulizwa na mama yake angependa kufungua kinywa kwa kitu gani, na akishachagua anaambiwa ahsante. Sisi hatukuulizwa chochote mpaka tulipofika umri wa kuolewa, na hata hapo si wote.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya Nasra, binti wa mdogo wangu Salma. Ana miaka ishirini na moja, simu mbili, na biashara. Biashara yenyewe ni jamu. Anaipika jikoni kwa mama yake, anaitia katika vichupa vidogo kama vya manukato, anavifunga kipande cha gunia shingoni kana kwamba vina mafua, kisha anavipiga picha juu ya ubao wa kukatia mboga ambao haujawahi kukata mboga. Lebo inasema: Jamu ya Bibi, Siri ya Unguja, Inaongeza Damu. Katika video yake, Nasra amejitanda ushungi wa hariri na anasimulia, kwa sauti ya mtu anayembembeleza paka, jinsi mama yake alivyokuwa mtoto mgonjwa hapa Texas, damu imekwisha mwilini, madaktari wameshindwa, mpaka Bibi alipotoka Zanzibar na kumponya kwa matunda ya porini. Watu wanamwekea mioyo. Akina mama wa Cedar Hill wanaagiza, wa Missouri City wanaagiza. Chini ya video hiyo mmoja ameuliza kama mja mzito anaweza kuitumia jamu badala ya vidonge, kwa sababu vidonge vinamchafua tumbo. Nasra amemjibu kwa moyo mwekundu.

Madaktari hawakushindwa. Mimi nilikuwapo, tena nilikuwa naosha chupa. Nimehama nyumba mara kumi na moja kati ya Dallas na Houston, nimeacha nyuma vitanda, majiko na mume mmoja, lakini kisa hiki nimekibeba kila nilipokwenda, na ushahidi wake ninao kwenye begi. Kwa kuwa Nasra anasimulia nusu ya kwanza, nusu ya pili naisimulia mimi.

Tulikaa katika nyumba za kupanga nyuma ya maghala, ghorofa ya pili, ngazi za chuma. Baba, Abdalla, alipakia mizigo ghalani. Mama alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kuwaogesha, kuwalisha na kuhakikisha wamemeza dawa zao. Alikuwa akituchekesha kwa visa vya huko. Mzee akikataa vidonge, alisema, unavisaga kwa mgongo wa kijiko, unavichanganya kwenye jamu, unamwambia ni kitindamlo, naye anakula na kulamba midomo. Tulicheka sana. Hatukujua kwamba anatueleza maisha yetu ya mbele.

Hatukuwa na vitu vingi, na hatukujua. Tulicheza nage kwenye uwanja wa kuegesha magari kwa mpira wa soksi uliojazwa magazeti, na dereva akitaka kuingia alisubiri tumalize zamu, maana tulikuwa wengi na hatukuwa na adabu kiasi hicho. Tulicheza mdako kwenye ngazi kwa kokoto tulizoiba kwenye bustani ya ofisi ya mwenye nyumba. Jua la Texas lilituchoma mpaka viatu vya plastiki vikalainika. Watoto wa leo wakikaa nje dakika kumi wanaomba chupa ya maji yenye mrija, na mama anakimbia nayo. Nawajua wajukuu wa rafiki yangu ambao hawajawahi kuchubuka goti. Nikiwaona hivyo huwa najiuliza watawasimulia nini watoto wao, labda siku ambayo chaja ilikatika.

Bibi, mama yake Baba, alifika mwezi wa Septemba na sanduku lililojaa iliki, mdalasini, na mwiko wa mti wa mwembe ambao askari wa uwanja wa ndege aliugeuzageuza kama silaha. Ujanani alikuwa msaidizi wa jikoni katika nyumba ya Wagoa pale mjini Unguja, na huko ndiko alikojifunza kupika jamu ya zambarau. Alituangalia mmoja mmoja sebuleni. Alisema mimi nina miguu ya korongo, kaka zangu wananuka chipsi, na Salma si mtoto bali ni kivuli cha mtoto.

Kuhusu Salma alisema kweli. Alikuwa na miaka mitano, midomo myeupe, hachezi, analala kwenye kochi saa za watu kukimbia, na kutwa anatafuna barafu. Alifungua friji mwenyewe, akajaza kikombe vipande vya barafu, akavitafuna kra kra kra mpaka ukahisi meno yako wewe yanauma. Kliniki walimpima wakasema damu yake imepungua mno. Wakatoa dawa ya matone, nyeusi, ya madini ya chuma, inayopimwa kwa kibomba kidogo, na wakataka kumwona tena baada ya wiki nane. Kama hali haijabadilika, alazwe. Salma aliitema dawa ile kwenye mazulia, kwenye sare, kwenye kanzu ya Baba ya Ijumaa. Na Bibi alipoiona na kuinusa, aliirudisha kwenye kabati.

"Mtoto hapewi chuma," alisema. "Mtoto si gari."

Akaongeza kwamba wakimpa hiyo, basi yeye hana kazi katika nyumba hii, na Baba amtafutie tiketi ya kurudi. Baba akatazama viatu vyake. Mama hakutazama popote. Yeye alikuwa mke wa mtoto, na mke wa mtoto kwa watu wetu wa wakati ule alikuwa na maneno mawili tu mbele ya mama mkwe: ndiyo, na sawa. Alisema sawa.

Wiki ile ile tukaenda Missouri City, Houston, kwa Ami Seif, mdogo wake Baba. Nyuma ya nyumba ya Ami, kwenye ukingo wa mtaro mkubwa, palikuwa na vichaka vinavyozungusha vitunda vya rangi ya zambarau kwenye vijiti vyake, shada kwa shada, kama ushanga kiunoni. Vuli ya Texas haina mvua, ina jina tu, na kila kitu kingine kilikuwa rangi ya mkate uliokauka. Vile vichaka viling'aa peke yake. Bibi alisimama, akavua miwani, akaivaa tena. Akasema hizi ni zambarau zilizokosa kukua. Jirani, bibi mmoja wa Kimarekani mwenye kofia pana, alimweleza kupitia mimi kwamba tunda hilo linalika, na mama yake alilipikia jamu kila mwaka. Akatuletea chupa moja, jamu yake laini, nyangavu, unaweza kusoma gazeti ukitazama kupitia humo. Bibi alionja, akashukuru, na tulipoingia ndani akasema ni maji ya rangi. Kwa hesabu zake, kila tunda linalotia doa gumu kwenye nguo linatia damu mwilini, na hilo lilikwisha kutia doa kwenye kanga yake, tena mbili.

Tulichuma siku nzima. Sisimizi wa moto walitupanda mpaka magotini, tukapigwa marufuku kulia kabla ndoo hazijajaa. Tulirudi Mesquite saa tano za barabara na ndoo sita ndani ya gari, madirisha wazi, na kaka yangu mdogo amekaa juu ya moja.

Sasa niseme kuhusu lishe ya jamu hiyo, maana ndilo neno wanalolipenda vijana wa leo, lishe. Kipimo cha Bibi kilikuwa bakuli la matunda kwa bakuli la sukari, kisha bakuli jingine la sukari la kulindia jamu isiharibike. Alikataa unga wa kugandisha, akasema ni uvivu wa Wazungu, akatia ndimu, iliki na mdalasini na kuchemsha kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, ukuta wa jikoni unatoka jasho. Kama kulikuwa na vitamini ndani ya vitunda vile, ziliwafaa majirani wa ghorofa ya juu, maana zilipanda na mvuke. Kilichobaki kilitiwa katika chupa za matango ya siki nilizoziosha mimi, na hakuna aliyewahi kuiondoa harufu ya siki kwenye chupa zile kwa sabuni ya duniani. Shuleni, wenzetu walikula mkate wa siagi ya njugu na jamu ya dukani, laini kama sabuni ya maji. Mimi nilifungua mkate wangu, ukanuka pilau na tango. Nilikula peke yangu mwaka mzima. Leo Nasra anaiita ladha ya urithi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi ya wiki ya pili nilipoamka kabla ya wenzangu, nikamkuta Mama jikoni amevaa sare yake ya kazi. Mbele yake ilikuwa chupa ndogo yenye kifuniko cha kijani, ile aliyotuambia tuitenge iwe ya Salma peke yake kwa sababu ana mafua. Alikuwa anapima dawa ya kliniki kwa kibomba, dozi za wiki, anaziachia ndani ya jamu na kukoroga polepole kwa mgongo wa kijiko. Aliponiona hakushtuka. Alisema, "Zuwena, wewe ni mkubwa. Hujaona kitu." Nami kwa kuambiwa ni mkubwa ningenyamazia hata mauaji. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Kwa hiyo kila asubuhi Bibi mwenyewe, kwa mkono wake, alimpa Salma dawa ya hospitali na hakuna aliyetema kitu. Wiki ya nne Salma aliacha barafu. Wiki ya sita alimpiga kaka yake kwa ndala. Ya saba alishuka uwanjani kucheza nage, akatoka jasho, mashavu yake yakapata rangi ambayo sikuwahi kuiona, na nikaketi kwenye ngazi nikilia bila kujua kwa nini. Meno yake yaliota weusi karibu na ufizi, kama walivyotuonya kliniki kuhusu dawa ile. Bibi akawaonyesha watu. Jamu hii ni kali, alisema, mpaka jino linakiri.

Ndipo umaarufu ulipoingia. Siku za Jumamosi, watoto tulipokuwa chuoni tunasoma Kurani katika ukumbi wa kukodi, akina mama walikunywa chai chumba cha nyuma, na Bibi alikaa katikati yao na sufuria ya habari. Wapemba, Wangazija, Waswahili wa Mombasa, hata mama mmoja wa Kikongo ambaye mume wake alisali nasi, wote walitaka chupa. Bibi hakuuza, aligawa. Aliulizwa maswali akajibu kama mkurugenzi: mwenye mtoto mwembamba vijiko viwili, mwenye kizunguzungu vitatu. Baada ya wiki chache wakaanza kulalamika kwamba meno ya watoto wao yako meupe vile vile. Bibi aliwaambia wairudishe jikoni waichemshe zaidi. Kuna mama mmoja aliichemsha mpaka mwiko ukasimama peke yake, na mwanawe akang'oka jino kwa kuitafuna. Hilo nalo likahesabiwa kuwa dalili ya nguvu.

Mama alipika chai, akaosha vikombe, akasikia yote, akasema sawa. Nilidhani ni utulivu. Nikiwa mtu mzima nimejua kwamba ulikuwa woga, na ninausema hivyo huku nikimpenda.

Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, baada ya chuo, alikuja Mwanaidi kurudisha chupa na kuchukua nyingine. Alikuwa mke wa dereva wa teksi wa Cedar Hill, mimba ya miezi saba, mwanamke mcheshi anayecheka mpaka anashika ukuta. Siku hiyo alishika ukuta bila kucheka. Ghorofa moja tu ya ngazi, akapumzika mara mbili. Bibi alikuwa kwenye kigoda anachambua vitunda vya mwisho vya msimu kutoka kwa Ami, mimi niko kwenye sinki, Mama anamenya viazi. Mwanaidi akaketi, akaomba barafu. Nikampa glasi. Hakusubiri iyeyuke, aliitafuna. Kra kra kra.

Mama akaweka kisu chini.

"Umeanza lini kutafuna barafu, Mwanaidi?"

"Tamaa za mimba tu, dada. Mwenzangu alikula udongo, mimi nimepata cha usafi."

Mama alimwendea, akamvuta ukope wa chini kwa kidole gumba kama alivyowafanyia wazee wake kazini. Nilikuwa karibu, nikaona. Ndani ya ukope palikuwa peupe kama karatasi.

"Vidonge vyako vya damu unameza?"

"Niliviacha. Vilinifunga choo mpaka nikalia. Natumia jamu ya Mama Abdalla, asubuhi, mchana na jioni, sikosi." Akamgeukia Bibi na tabasamu la mwanafunzi anayesubiri kupewa tiki.

"Virudie leo," Mama alisema. "Leo hii."

"Kwani Salma alimeza vidonge?"

Bomba la maji lilikuwa wazi, nikalifunga. Mama alinitazama mimi kwanza, sijui kwa nini mimi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kusema sawa, "Salma alikula dawa ya hospitali. Nilikuwa naichanganya kwenye jamu yake, ile ya kifuniko cha kijani."

Mwanaidi akaweka mkono juu ya tumbo lake. "Na mimi je? Mimi nimekula nini mwezi mzima huu?"

"Sukari," Mama alisema.

Nilitegemea Bibi apige kelele, aombe sanduku lake, amwite Baba ghalani. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaivuta ile chupa ya kijani, akachovya kidole na kulamba.

"Najua," alisema. "Ulimi wangu haujafa. Hii ina ladha ya funguo."

"Tangu lini, Mama?" mama yangu alimuuliza.

"Tangu wiki ya kwanza."

Mama yangu ambaye katika maisha yake hakuwahi kumjibu mkwewe alisema, "Ulijua, ukaendelea kuwagawia watu?"

"Na wewe ulijua," Bibi alisema, "ukaendelea kunioshea chupa."

Mmoja aliogopa kumuudhi mkwewe, mwingine aliona utamu wa kusifiwa, na katikati yao limekaa tumbo la miezi saba linatafuna barafu. Na mimi nilikuwamo. Nilikuwa nimeuficha ukweli wiki kumi kwa sababu kuujua kulinifanya nijione mtu.

Mama alimshika Mwanaidi mkono wakashuka polepole, akampeleka hospitali kwa gari la jirani. Mlango ulipofungwa Bibi aliniambia niitungue kalenda ya duka la nyama ukutani na nilete kalamu. Hakujua kusoma wala kuandika. Akafumba macho akawa anayataja majina ya wanawake wote aliowapa chupa, mmoja baada ya mmoja, nami nikayaandika nyuma ya ukurasa wa Oktoba. Yalikuwa majina ishirini na saba. Kisha akavuta simu ya mezani, ile yenye waya uliojisokota, nikawa nabonyeza namba na kumpa mkono wa simu.

Kwa kila mmoja alisema maneno yale yale, bila kupunguza wala kujipamba.

"Mimi mama yake Abdalla. Ile jamu niliyokupa haiongezi damu. Kilichomponya mjukuu wangu ni dawa ya hospitali, nami nilijua, nikanyamaza. Kama umeacha dawa, irudie leo. Jamu ule na mkate."

Halafu alisubiri ajibiwe. Wapo waliocheka. Yupo aliyelia kwa sababu alikwisha kuitupa dawa ya mwanawe. Yupo aliyemtukana muda mrefu, tukasikia sauti yake mpaka nje ya simu, na Bibi akaitika kila baada ya sentensi, "Kweli, mwanangu. Kweli." Akimaliza mtu, alichukua kalamu kwenye vidole vyangu akaweka tiki mwenyewe mbele ya jina, mistari miwili inayotetemeka. Alipumzika kwa ajili ya sala tu. Ilichukua siku mbili.

Wa Houston walikuwa sita, na mmoja, Bi Asia, hakupokea simu. Jumamosi iliyofuata Baba alitupeleka. Bi Asia alitufungulia mlango ameikumbatia chupa kifuani. Alimsikiliza Bibi mpaka mwisho, akasema magoti yake yalikuwa yamekufa na sasa yanapanda ngazi, jamu hairudi, na kama Mama Abdalla ameingiwa na wivu juu ya jamu yake mwenyewe hilo ni lake. Akatupa sambusa za njiani. Tulipofika barabara kuu, Bibi akacheka peke yake kwenye kiti cha nyuma, kicheko kisichokuwa na furaha. Mbele ya jina la Bi Asia hakuweka tiki.

Mwanaidi aliongezwa damu, akalazwa siku chache, akarudia vidonge vyake na matatizo yake ya choo. Mwezi wa Januari alijifungua mtoto wa kiume, salama, na leo mtoto huyo ana ndevu na gari la mkopo na ananisalimu kwa kidole kimoja. Mwanaidi hakukanyaga kwetu mpaka arobaini ya mtoto ilipopita. Alipokuja alileta mkate wa kumimina. Bibi akautolea jamu, wakala wote watatu, yeye na Mama na Mwanaidi, na hakuna aliyetaja damu. Bibi hakupika jamu tena. Siku ya kurudi Unguja alifunga kila kitu chake sandukuni isipokuwa ule mwiko. Aliuacha juu ya jiko la Mama, hakusema ni wa nani.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Nasra na ukurasa wa kalenda. Umekuwa wa manjano, una doa la zambarau pembeni ambalo miaka yote hii halikutoka. Mama yake yupo, mzima, anaendesha basi la shule na hana habari na lebo za bintiye. Nilimsimulia Nasra yote. Alinijibu kwa Kiingereza kwanza, kama kawaida yao wanapobanwa, kisha akasema kwa Kiswahili kwamba hakuna shida, Mamkubwa, atakifuta kile kipande cha video.

"Na waliokwisha kukiona?" nilimuuliza.

"Watasahau tu."

Nikamuuliza yule mja mzito aliyeuliza kuhusu vidonge ni nani, anakaa wapi. Alisema hajui. Ana jina la akaunti tu, na picha ya ua. Nikamwambia basi amwandikie. Akasema mtu akianza kujikosoa hadharani wateja wanakimbia, ndivyo inavyokuwa siku hizi, na aliyasema kwa upole, kama mtu anayemweleza bibi kizee jinsi ya kuvuka barabara. Kisha akauona ukurasa wenyewe, zile tiki ishirini na sita zinazotetemeka, na uso wake ukalainika. Nikadhani umemwingia. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaupiga picha. Akasema unapendeza sana, atauweka kwenye lebo.

Sitaki kujifanya kwamba zamani tulikuwa na akili. Tulilishwa sukari tukaambiwa ni damu, na watu wazima wawili waliotupenda walijua. Lakini waliotudanganya walizijua namba zetu za simu na milango yetu, na walipotaka kuungama walijua pa kubisha. Leo uongo unakwenda kwa watu elfu kabla chai haijapoa, na hakuna hata mmoja wao unayeweza kumgongea hodi. Niliandika chini ya ile video, jina langu kamili. Siku ya pili maneno yangu hayakuwapo, video nayo imekatwa, na moyo mwekundu umekwenda pamoja na swali lake.

Kwa hiyo naandika hapa, nikitumaini hili litazunguka kama vitu vingine vinavyozunguka. Wewe mwenye picha ya ua, sikujui jina. Mimi ni mjukuu wa mama yake Abdalla. Ile jamu haiongezi damu. Kama umeacha vidonge, virudie leo. Jamu ule na mkate.